Bei ya Kwenda Peke Yako: Amani, Mang'ula au Magoroto?

Ukimuuliza dereva wa Noah pale stendi ya Muheza bei ya kupanda Amani, haulizi mko wangapi. Bei ni ya gari. Mkiwa wanne mnachangishana, ukiwa peke yako unalipia na viti vya watu ambao hawapo. Tuseme amekutajia 80,000. Kwa wanne ni 20,000 kila mmoja na hakuna atakayenung'unika. Kwako wewe ni karibu mara nne ya nauli ya basi zuri lililokutoa Dar es Salaam.

Matangazo ya loji za msituni hayagusi jambo hili. Yanaonyesha kitanda chenye chandarua, mbega juu ya mti, kikombe cha chai barazani, na chini yake bei ambayo mtu akiitazama anasema hii naiweza. Kumbe ile bei imepigwa kwa kuwaza wawili. Anayesafiri peke yake inabidi apige hesabu yake upya, tena aanzie kwenye kipande cha mwisho cha njia. Chumba kije baadaye.

Nimechukua misitu mitatu ambayo mtu wa Dar anaweza kuifikia kwa basi bila kuwa na gari lake: Amani katika milima ya Usambara Mashariki, Mang'ula chini ya milima ya Udzungwa, na Magoroto, juu ya Muheza. Yote mitatu ni misitu ya kweli, yenye unyevu na giza la mchana. Lakini kila mmoja unakula fedha yako kwa namna yake.

Tuanze na basi, kwa sababu ndilo rahisi kuliko yote. Viwango vya LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini, vilivyoanza Desemba 2023 vinaweka kikomo cha shilingi 48.47 kwa kilomita kwa basi la daraja la kawaida na 67.84 kwa daraja la kati. Kutoka Dar hadi Muheza ni kama kilomita 315, kwa hiyo tegemea kiasi cha 15,300 kwa la kawaida na 21,400 kwa la kati. Mang'ula ni mbali kidogo, kilomita 370 hivi kupitia Morogoro na Mikumi: kama 17,900 au 25,100. Tofauti kati ya safari hizi mbili haifiki hata shilingi 4,000. Anayekushauri uende Tanga kwa kuwa ni karibu, au uende Morogoro kwa kuwa ni rahisi, anakuokolea fedha ya sahani moja ya wali maharage.

Mabasi mengi ya njia hizi yanaanzia stendi ya Magufuli, Mbezi. Kwa anayekwenda peke yake nashauri basi la alfajiri, na sababu si kiti. Ni saa za kufika. Tangu Oktoba 2023 mabasi yanaruhusiwa kutembea usiku kucha, na wakata tiketi watakushawishi upande la jioni ili "uamke umefika". Utaamka kweli, saa tisa usiku, Muheza, na begi mgongoni, na gari la kupanda mlimani halitoki mpaka mchana. Hapo utalipia gesti ya saa nne za kulala. Panda la alfajiri.

Kwa Mang'ula kuna njia ya pili inayovutia zaidi tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria Juni 2024. Dar hadi Morogoro ni shilingi 13,000 kwa treni ya kawaida na safari haifiki saa mbili. Kisha basi la Ifakara kutoka Msamvu, kilomita 180 hivi, kama 8,700. Jumla 21,700, yaani 3,800 zaidi ya basi la moja kwa moja la daraja la kawaida. Unachonunua kwa hiyo fedha ni kuikwepa foleni ya Kibaha na Chalinze, na mimi ningeilipa bila kufikiri mara mbili. Ila kumbuka stesheni ya SGR iko Kihonda na mabasi yako Msamvu, kwa hiyo weka nauli ya bajaji, na usikate treni ya mchana maana utafika Mang'ula giza limeshaingia.

Zamani kulikuwa na sababu ya kuogopa njia hii. Baada ya Kidatu ilikuwa vumbi jekundu wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Sasa kilomita 66.9 za Kidatu hadi Ifakara zina lami, na basi linakushusha Mang'ula kwenye barabara kuu, unatembea kwa miguu hadi lango la hifadhi ya Udzungwa. Ukitazama kwa jicho la mfuko, hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika makala hii. Mang'ula haina kipande cha mwisho. Msitu uko upande mmoja wa barabara na mashamba ya miwa upande wa pili.

Amani ni kinyume chake. Muheza hadi Amani ni kilomita thelathini na kitu, na baada ya lango la Zigi njia inapanda kwa kona. Kuna basi la abiria, na nauli yake ni elfu chache tu, lakini kwa kawaida linapanda mchana na kushuka alfajiri ya siku inayofuata. Ukilikosa, umebaki na bodaboda au ile Noah. Bodaboda usishangae akikutajia fedha inayokaribia nauli nzima uliyolipa kutoka Dar. Hakudhulumu. Pikipiki inapanda mpaka mita 900 juu ya usawa wa bahari katika njia ya mawe, na inarudi bila abiria. Mvua ikinyesha bei inapanda zaidi, na Usambara Mashariki mvua si habari: Amani hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka.

Magoroto iko katikati ya hayo mawili. Ni karibu na Muheza kuliko Amani, ni shamba la zamani la michikichi lililoanzishwa enzi ya Wajerumani, lina ziwa dogo katikati ya miti na vijana wa Dar wamelipiga picha mpaka limechoka. Wengi huenda kwa vikundi, na magari yao na spika zao. Jumamosi ya mwisho wa mwezi mwenye kutafuta upweke atalala akisikiliza singeli. Jumanne ni mahali pengine kabisa. Kwa hiyo kama likizo yako haiwezi kuangukia katikati ya wiki, itoe Magoroto kwenye orodha, hata kama bei yake imekupendeza.

Sasa kitanda. Hapa kuna aina mbili za kupanga bei na msafiri wa peke yake lazima ajue yuko mbele ya ipi. Gesti, nyumba za wageni za serikali na za makanisa hutoza chumba. Loji zinazotoza kwa dola hutoza mtu, kwa kudhani mko wawili chumbani, halafu anayelala peke yake anaongezewa. Tuseme loji imeandika dola 90 kwa mtu kwa chumba cha wawili, na nyongeza ya mmoja ni theluthi. Wewe utalipa 120. Aliye mbele yako mapokezi na mke wake wanalipa 180 kwa wawili na wanaona wamepata nafuu. Swali la kuuliza kwenye simu ni moja tu: "Nikija peke yangu, jumla ya usiku mmoja na chakula ni shilingi ngapi, kodi ikiwemo?" Usikubali jibu la "inaanzia". Neno hilo limewaanzisha wengi mahali ambapo hawakutaka kumalizia.

Mang'ula unaweza kuchagua aina zote mbili. Kuna gesti za shilingi kwenye mji wenyewe, ambao ni mji kweli, una duka la dawa, mawakala wa fedha za simu, fundi baiskeli na mama ntilie. Na kuna kambi ya bei ya juu ukingoni mwa msitu, ya mahema na vibanda vya makuti. Kwa kuwa karibu vitanda vyote viko nje ya hifadhi, unalipa kiingilio siku unayoingia tu. Ukiamua kushinda barazani unasoma, hudaiwi kitu na TANAPA. Kiingilio chenyewe kwa raia wa Afrika Mashariki ni kidogo. Anayeingia kwa pasipoti ya nje na si mkaazi hutozwa dola 30 kabla ya VAT. Ndugu zetu wa Uingereza na Marekani waliobadili pasipoti wasije wakafika langoni na Kiswahili kitamu wakidhani kitawasaidia.

Amani unalala ndani ya hifadhi ya mazingira asilia, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya aina hiyo mwaka 1997, lakini watu wamekuwa wakilala pale tangu 1902, Wajerumani walipofungua kituo cha utafiti wa mimea na kilimo. Nyumba za wageni ziko Zigi, karibu na lango, ambako reli yao ya kubebea magogo ilikuwa ikiishia, na juu Amani penyewe. Ni nyumba za kawaida, safi, za kuta nene. Hakuna atakayekupokea kwa taulo baridi. Kwa bei ni nafuu mno ukilinganisha na loji yoyote ya dola, na kiingilio cha raia ni kidogo pia, ila uliza kama kinalipwa mara moja au kwa kila siku unayolala, kwa sababu hapo hutoki nje ya hifadhi jioni.

Kati ya Zigi na Amani, ningechagua juu. Zigi ni rahisi kufika na mto uko karibu, lakini ni bondeni, kuna joto na mbu. Juu kuna baridi ya sweta, bustani ya mimea ya zamani, na ukimya ambao unaanza mapema kama saa moja jioni. Nyongeza ya nauli inalipwa na usingizi.

Kinachofuata ndicho kinachotofautisha misitu hii kwa mtu wa peke yake kuliko kitanda: mwongozaji. Udzungwa haina barabara ndani, kilomita zake 1,990 za mraba zote ni za kutembea kwa miguu, na hutembei bila mwongozaji. Malipo yake kwa kawaida ni ya kikundi. Mkiwa sita mnagawana, ukiwa mmoja unabeba yote. Njia ya maporomoko ya Sanje, yanayoshuka mita 170 kwa ngazi, ndiyo inayopendwa zaidi. Kwa hiyo ndiyo yenye nafasi kubwa ya kukuta wenzako. Fika langoni Jumamosi asubuhi na mapema, wasalimie watu, waulize wanakwenda wapi. Kikundi cha wanafunzi au cha wafanyakazi wa benki hakitakataa mtu wa saba anayechangia. Njia ndefu, kama ile ya kilele cha Mwanihana yenye kilomita 38 na usiku mbili porini, mwachie mwenye kundi. Peke yako utalipia mwongozaji, mlinzi mwenye silaha na pengine mbebaji, na hapo ile nafuu ya gesti ya Mang'ula imekwisha.

Amani unaweza kuona mengi bila kulipa mtu. Bustani, kingo za mashamba ya chai kuelekea Kwamkoro, vijiji vya wakulima wa iliki, mdalasini na pilipili manga, vyote viko kwenye njia ambazo wenyeji wanapita kila siku. Ndani ya msitu mzito chukua mwongozaji mara moja, siku ya kwanza, umwombe akuonyeshe yale maua madogo ya zambarau ya jamii ya Saintpaulia ambayo dunia nzima inayafuga kwenye vyungu dirishani na asili yake ni milima hii. Siku zinazobaki utembee njia za wazi mwenyewe.

Ndiyo maana naweza kusema hivi: Mang'ula ni nafuu kufika na ghali kutembea, Amani ni ghali kufika na nafuu kukaa. Mwenye usiku mbili aende Mang'ula. Mwenye tano au zaidi aende Amani, kwa kuwa ile gharama ya kupanda mlima inagawanywa kwa siku nyingi, na kila siku inayoongezeka ni ya bei ndogo. Usiku mmoja Amani ni anasa hata kama chumba ni cha bei ya gesti.

Anayetoka Mombasa afanye hesabu nyingine. Kwake Amani iko karibu kuliko ilivyo kwa mtu wa Dar: Lungalunga, Horohoro, Tanga, Muheza, lami mwanzo hadi hapo, na kitambulisho cha raia wa Afrika Mashariki kina thamani yake langoni. Kwenda msitu wa Kakamega kutoka Pwani ni kuivuka Kenya nzima.

Chakula wengi hukisahau. Loji iliyo peke yake msituni ina jiko moja tu, nalo ni lake. Ukiwa Mang'ula unatoka langoni unatafuta mchele wa bonde la Kilombero na samaki kwa bei ya kijijini, kwa hiyo hata ukilala kambi ya dola usilipie milo yote mitatu mapema. Chukua kifungua kinywa tu. Amani kuna vibanda vichache, na nyumba za wageni hupika kwa kuagiza. Ukiagiza saa kumi na mbili jioni, chakula cha saa moja hakipo, kwa sababu mpishi hawezi kuwasha jiko la mtu mmoja kwa kubahatisha. Agiza asubuhi, na sema wazi kama unataka nyama, maana pengine inatoka Muheza na basi lile lile. Pale Muheza nunua mkate, karanga, majani ya chai, na machungwa. Mji ule unaishi kwa machungwa. Ukinunua ya kutosha siku mbili, muuzaji atakuongezea ya siku ya tatu.

Fedha toa kabla ya kupanda. Viingilio vya serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, kwa simu au wakala, na msituni mtandao unakuja na kuondoka upendavyo. Wengine hulipa wakiwa stendi, wanahifadhi ujumbe kwenye simu, wanafika langoni wanauonyesha. Mwongozaji, mpishi na bodaboda wanataka taslimu, tena noti ndogo ndogo.

Kuhusu kukaa peke yako, jiandae kwa maswali kuliko kwa wanyama. Kitabu cha wageni cha gesti kitakuuliza kazi yako, ulikotoka na unakokwenda. Mhudumu ataongeza la kwake: mwenzako anakuja lini? Mwanamke atalisikia mara nyingi zaidi. Jibu fupi linatosha, kwamba umekuja kupumzika, na mara nyingi baada ya hapo hao hao wanaouliza ndio wanaokuangalia kama mgeni wao. Ukifika, jitambulishe kwa mlinzi wa usiku kwa jina, mwambie chumba chako, na mwambie mtu mmoja nyumbani siku unayorudi. Hakuna gharama katika hayo yote.

Usiku wa kwanza utasikia kitu kinapiga kelele juu ya mti kama mtu anayekabwa. Ni perere, ndugu wa pimbi aishiye mitini, ana ukubwa wa sungura na sauti ya jitu. Kuna wageni waliolipia kuhamishwa chumba kwa ajili yake. Okoa hiyo fedha. Kinachostahili fedha yako ni tochi nzuri, betri ya akiba ya simu, viatu vya kushika tope na soksi ndefu za kuingizia suruali, kwa sababu ukikanyaga msafara wa siafu umevaa ndala, hutasahau. Kwa Mang'ula ongeza dawa ya mbu, mji uko chini na joto ni la bonde. Kwa Amani ongeza sweta na koti la mvua, hata Januari.

Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo yenye bei nafuu kwa jumla, ingawa si kwa sababu loji zinapunguza. Njia ni kavu, kwa hiyo basi linapanda na bodaboda hana kisingizio. Machi hadi Mei loji za dola hupunguza bei ya chumba, nyingine hufunga kabisa, na punguzo lile unaweza kumkabidhi lote dereva wa gari la kukuvusha kwenye tope. Ukienda masika, nenda Mang'ula, kwa ile lami.

Jambo moja la Amani linabaki, nalo ni la siku ya kuondoka. Basi la kushuka halisubiri mgeni aliyelala. Mtafute kondakta jioni, kwa kawaida yuko karibu na gari lake, mwambie unashuka kesho na unapandia wapi, umpe namba ya simu. Ukilikosa utalipa bodaboda mpaka Muheza, au usiku mmoja zaidi, chakula chake, na pengine kiingilio. Na kama tiketi yako ya Dar ulishaikata, hesabu na hiyo.